Ukoo wa Azole: Herufi Zinazofanana katika Majina ya Dawa

Kila Desemba barabara inayopanda kutoka Himo, kupitia Marangu Mtoni hadi Mwika na kuendelea Rombo, hujaa magari ya watoto wanaorudi nyumbani kwa wazazi. Hurudi na sukari, mchele na vitenge, na mara nyingi hurudi pia na mfuko wa dawa kwa ajili ya wazee. Januari magari hushuka tena, na mfuko ule hubaki juu ya kabati. Baada ya miezi michache maboksi yamekwisha kutupwa na karatasi za maelezo hazionekani. Zilizobaki ni pakiti nyembamba za vidonge zilizokatwakatwa kwa mkasi, na juu ya kila kipande yamesalia masalio ya jina. Kimoja kimeandikwa "dazole", cha pili "nazole", cha tatu "prazole".

Mama mwenye mfuko huo akiumwa tumbo, hufika dukani siku ya soko na mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba ile dawa yangu ya tumbo. Jina lake linaishia na zo, zo."

Muuzaji wa dawa anayejua kazi yake hapaswi kunyoosha mkono kwenye rafu baada ya maneno hayo. Dawa tatu zinazotumika sana kwa maradhi ya tumbo zinaishia hivyo: albendazole huua minyoo, metronidazole huua amiba na baadhi ya bakteria, na omeprazole hupunguza asidi kwa mwenye vidonda vya tumbo. Zote ni dawa za tumbo na zote zinaishia "zo, zo", ila hakuna hata moja inayoweza kufanya kazi ya mwenzake. Makala haya yanaeleza kwa nini majina hayo yanafanana, na jinsi mfanano huo unavyoweza kumsaidia mgonjwa badala ya kumpoteza.

Majina yanatoka wapi

Zamani kila kiwanda kiliipa dawa jina lililokipendeza, na dawa moja iliweza kuwa na majina kumi katika nchi kumi. Mwaka 1950 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuweka majina ya kimataifa ya dawa, na orodha ya kwanza ikachapishwa mwaka 1953. Tangu hapo dawa mpya hupewa jina moja ambalo si mali ya kiwanda chochote. Jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye pakiti chini ya jina la biashara, mara nyingi kwa herufi ndogo zaidi.

Waliobuni utaratibu huo waliamua kwamba dawa za jamii moja zishirikiane kundi la herufi. Kundi hilo tunaweza kuliita shina la jina. Mara nyingi shina hukaa mwishoni, na mara nyingine huwa mwanzoni. Walipendekeza vilevile tahajia nyepesi, kwa mfano kuandika f mahali pa ph na t mahali pa th, ili majina yasomeke katika lugha nyingi. Kwa sababu hiyo vitabu vya zamani vya Kiingereza vina "sulpha" na pakiti za leo zina "sulfa", tahajia ambayo Mswahili huisoma bila taabu.

Msomaji wa Vunjo atauelewa mpango huu kwa mfano wa ukoo. Mhudumu akiita "Lyimo!" katika chumba cha kusubiri, huenda wakasimama watu watatu. Jina la ukoo limemwambia kwamba watu hao wana asili moja, lakini halijamwambia nani ni mgonjwa wake. Hana budi kuongeza jina la kwanza, la baba, na pengine kijiji. Majina ya dawa nayo husomwa hivyo: herufi za mwisho hutaja ukoo, na zile zinazozitangulia hutaja nyumba.

Nyumba za ukoo wa azole

Herufi "azole" zimetoka katika kemia. Wakemia wa Ufaransa, Lavoisier akiwa miongoni mwao, waliiita hewa ya naitrojeni "azote" katika kitabu chao cha majina ya kemia cha mwaka 1787. Walitumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya "bila uhai", kwa kuwa mnyama aliyefungiwa ndani ya hewa hiyo peke yake hufa. Baadaye kipande "az" kikawa alama ya naitrojeni katika majina ya kemikali, na "ole" ikawa alama ya pete ya atomi tano. Azole, basi, ni pete ya atomi tano ambayo angalau moja kati yake ni ya naitrojeni. Herufi zilizoanza na maana ya kukosa uhai sasa zimo katika majina ya dawa zinazookoa maisha kila siku.

Pete hiyo ni kama msingi wa nyumba. Juu ya msingi mmoja hujengwa nyumba za namna nyingi, na kazi ya dawa hutegemea kilichojengwa juu yake. Ndiyo maana inafaa kutazama herufi zinazotangulia "azole".

Jina likiishia na "bendazole", kama albendazole na mebendazole, hiyo ni dawa ya minyoo. Watoto wa shule wanaifahamu albendazole kwa kidonge cha kutafuna cha miligramu 400 kinachotolewa mara moja. Mjamzito hapewi dawa hii katika miezi mitatu ya kwanza.

Likiishia na "nidazole", kama metronidazole na tinidazole, hiyo ni dawa ya amiba, giardia, trikomona na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni.

Likiishia na "conazole", kama fluconazole, ketoconazole na miconazole, hiyo ni dawa ya fangasi.

Likiishia na "prazole", kama omeprazole, pantoprazole na esomeprazole, hiyo ni dawa ya kupunguza asidi ya tumbo.

Likiishia na "trozole", kama letrozole na anastrozole, hiyo ni dawa ya kuzuia utengenezaji wa homoni ya estrojeni, nayo hutumika hasa katika matibabu ya saratani ya matiti.

Kuna pia "oxazole" iliyomo katika sulfamethoxazole, mojawapo ya dawa mbili zinazounda co-trimoxazole, ambayo wengi wetu tunaiita Septrin.

Sikio la Mswahili na mkia wa neno

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema daKTAri, hospiTAli, kiDOnge. Jina geni linapoingia kinywani mwetu tunalipa mkazo huohuo, kwa hiyo albendazole huwa "albendazo" na metronidazole huwa "metronidazo", nguvu yote ya sauti ikiwa kwenye "da". Sehemu inayosikika zaidi ndiyo hiyo inayofanana, na sehemu inayotenganisha nyumba na nyumba imesemwa haraka na kusahaulika. Kwenye dirisha la dawa lenye foleni ndefu, huku mvua ikipiga bati, mgonjwa hushika "dazo" na kuondoka nayo.

Mgonjwa anayesema "ile ya zo" kwa hiyo hastahili kuchekwa wala kukemewa. Amekumbuka kile ambacho lugha yake imemfundisha kukisikia. Wajibu wa mhudumu ni kumpa kitu kingine cha kushika: jina lililoandikwa kwa ukamilifu, ugonjwa linaoutibu, na nafasi ya kulitamka mwenyewe kabla hajaondoka.

Gharama ya kukosea nyumba

Tuchukue mfano wa mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni pamoja na muwasho. Chanzo kikiwa fangasi, anahitaji dawa ya nyumba ya "conazole". Chanzo kikiwa trikomona, anahitaji "nidazole". Akibadilishiwa, atameza dawa kwa uaminifu hadi mwisho na ugonjwa utabaki palepale. Atarudi akiwa na hakika kwamba dawa ilikuwa bandia, au kwamba mwili wake una tatizo lisilotibika. Trikomona huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo mwenzi wake naye atakuwa hajatibiwa.

Mfano wa pili unahusu kikombe cha mbege. Karatasi ya maelezo ya metronidazole humwonya mgonjwa asinywe pombe muda wote wa matibabu, na kwa siku 2 hadi 3 baada ya kumaliza, kadiri inavyoelekeza, kwa sababu anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na huku mlimani hunywewa kwenye harusi, kwenye matanga na katika vikao vya ukoo. Wapo wasioihesabu kuwa pombe. Mzee akiulizwa "Unakunywa pombe?" anaweza kujibu "Hapana" kwa moyo safi. Anapopewa dawa ya "nidazole", mbege itajwe kwa jina lake.

Mfano wa tatu ni wa wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kama vile waliobadilishiwa vali ya moyo. Metronidazole, fluconazole na sulfamethoxazole zote huongeza nguvu ya warfarin na zinaweza kusababisha kutoka damu kwa hatari. Hapa mkia wa jina ni kengele. Mgonjwa wa warfarin akiona "azole" kwenye pakiti mpya, auonyeshe mkono wake wa dawa zote kwa daktari au mfamasia kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Koo nyingine zinazofaa kufahamika

Anayejua koo chache za majina ya dawa hupata kinga ambayo hailipiwi chochote. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya "cillin". Mtu aliyewahi kuvimba uso, kutokwa na vipele mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini, huambiwa asitumie tena penisilini. Miaka kadhaa baadaye anapewa amoxicillin kwa kikohozi, naye anaipokea kwa kuwa hakukatazwa dawa ya jina hilo. Ampicillin, amoxicillin, cloxacillin na benzylpenicillin ni ndugu wa damu. Mwenye mzio wa mmoja ahesabu kwamba ana mzio wa wote, mpaka mtaalamu athibitishe vinginevyo. Dawa zinazoanza na "cef", kama ceftriaxone, ni jirani wa karibu wa ukoo huo, na mzio wa penisilini utajwe kabla hazijatolewa.

Wenye shinikizo la damu wana koo zao. Majina yanayoishia na "pril", kama captopril na enalapril, yanaweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Hizo, pamoja na zinazoishia na "sartan", kama losartan, hazimfai mjamzito kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zinazoishia na "olol", kama propranolol na atenolol, zinaweza kumbana pumzi mwenye pumu.

Ukoo wa "sulfa" hubeba alama yake kichwani. Sulfamethoxazole iliyomo ndani ya Septrin ni ndugu wa sulfadoxine iliyomo ndani ya SP, dawa wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria. Mwenye mzio wa moja asipewe nyingine bila ushauri. Kwa sababu ya undugu huohuo, mjamzito anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia Septrin kila siku haongezewi SP.

Mifano hiyo ya mwisho inaonyesha ugumu mwingine. Jina la biashara huuficha ukoo. Neno Septrin halina "sulfa", neno Augmentin halionyeshi kwamba ndani yake kuna amoxicillin, na neno Flagyl halionyeshi metronidazole. Mgonjwa anaweza kumeza Flagyl aliyopewa kituoni na metronidazole aliyonunua dukani akidhani ni dawa mbili, kumbe amezidisha moja. Yule anayetafuta ukoo wa dawa yake ausome mstari wa herufi ndogo.

Mahali ambapo herufi hudanganya

Kanuni hizi ni msaada, nazo zina mipaka. Aripiprazole inaishia na "prazole", lakini haihusiani na vidonda vya tumbo. Ni dawa ya magonjwa ya akili, na ndani yake hamna ile pete ya azole. Shina lake ni refu zaidi, yaani "piprazole". Anayesoma mkia mfupi mno ataingia nyumba isiyo yake.

Vichwa vya majina hupoteza watu vilevile. Carbimazole hutibu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ilhali carbamazepine hutibu kifafa. Mgonjwa wa kifafa akikosa dawa yake kwa siku chache anaweza kuanguka jikoni penye moto. Metformin ya kisukari na metronidazole huanza na herufi tatu zilezile, na mwandiko wa haraka ukiishia na "Met" humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Mgonjwa wa kisukari akipewa metronidazole badala ya metformin, sukari yake hupanda huku akiamini kwamba yumo kwenye matibabu.

Tatizo hili si la Mwika peke yake. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa ilianzisha mwaka 2001 mpango wa kutofautisha majina yanayofanana, na njia mojawapo ni kuandika kwa herufi kubwa sehemu inayotofautisha: metFORMIN na metroNIDAZOLE. Macho yaliyochoka hugutushwa na herufi hizo. Njia hiyo haihitaji mtambo wowote. Kalamu ya wino mzito na vipande vya karatasi vinatosha kuandika upya lebo za rafu katika zahanati yoyote.

Ushauri kwa wagonjwa

1. Usitupe boksi wala karatasi ya maelezo mpaka dawa iishe. Ukilazimika kuikata pakiti, anza upande usio na jina, na sehemu yenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi iwe ya mwisho kutumika.

2. Ukiwanunulia wazazi dawa mjini, andika kwa Kiswahili juu ya boksi: ni ya ugonjwa gani, imezwe mara ngapi, na iishe lini. Piga picha ya boksi ubaki nayo kwenye simu, ili mzazi akikupigia uweze kumsomea jina kamili.

3. Ukirudi dukani au kituoni, nenda na pakiti yenyewe. Usiagize dawa kwa mkia wa jina, kwa rangi ya kidonge, wala kwa kusema tu kwamba ni ya tumbo.

4. Kama una mzio, andika jina la dawa na jina la ukoo wake kwenye karatasi inayokaa pamoja na kadi yako ya kliniki. Kwa mfano: "Sipatani na penisilini na zote zinazoishia na cillin."

Ushauri kwa wahudumu

1. Andika jina zima la kimataifa kwenye cheti cha dawa, na kando yake ugonjwa unaotibiwa. "Metronidazole, amiba" ni maneno mawili yanayomlinda mgonjwa dhidi ya mwandiko mbaya.

2. Dawa zenye majina yanayofanana zisipangwe jirani kwa kufuata alfabeti. Albendazole na metronidazole zikiwa katika makopo yanayofanana, zitenganishwe rafu.

3. Kabla ya kumkabidhi mgonjwa bahasha, mwombe akueleze mwenyewe dawa hiyo ni ya nini na ataimeza vipi. Akisema "ya minyoo" nawe umeshika omeprazole, kosa limegunduliwa likiwa bado mezani.

4. Mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya rufaa mjini Moshi aende na orodha ya dawa zake kwa majina ya kimataifa. Daktari atakayempokea huenda hajui kilichouzwa soko la Mwika kwa jina la biashara, lakini jina la kimataifa atalisoma.

Turudi kwa yule mama aliyeomba dawa ya "zo, zo". Muuzaji mwema atamuuliza: "Mama, ulipopewa ulikuwa unaharisha, umeona minyoo, au kifua kinaungua ukilala?" Atamwomba mfuko, atavipanga vile vipande vya pakiti juu ya meza na kusoma herufi zilizosalia. Penye "dazole" atatafuta kama mbele yake kuna "ni" au "ben". Pakiti ikiwa imekatwa mahali hapo na jibu la mama lisieleweke, hatabahatisha. Atamwelekeza zahanati apimwe, na vipande visivyo na jina atamshauri asivitumie tena.